Wadi za Garsen zisiletewe mashine isiyo na kibodi

Serikali ya Kenya Kwanza iliahidi kujenga kituo cha kidijitali katika kila wadi nchini, wadi zote 1,450. Eneobunge la Garsen lina wadi sita: Kipini Mashariki, Kipini Magharibi, Garsen Kusini, Garsen Kati, Garsen Magharibi na Garsen Kaskazini. Kaunti nzima ya Tana River ina wadi 15. Tangu ahadi hiyo itolewe, mazungumzo yamekuwa ya hesabu: vituo vingapi, kilomita ngapi za mkongo, Wi-Fi ya bure masoko mangapi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kijana wa Tarasaa au Ngao akiketi mbele ya mashine hiyo ataweza kuifanya nini. Nashikilia kwamba mashine isiyomruhusu mwanafunzi kuandika maagizo yake mwenyewe haistahili shilingi ya umma, na haistahili hata kupokewa kama msaada. Ushahidi wa kwanza ninaouleta umetoka mbali, katika mashine ya gemu iliyouzwa Ulaya mwaka 1990, ikabuma, na sasa inasakwa na wakusanyaji wa vitu vya kale kwa sababu tu ni adimu.

Mashine hiyo ilizaliwa na nyingine iliyofana sana. Commodore 64 ilitangazwa mwaka 1982 ikiwa tarakilishi ya nyumbani: kibodi nene ambayo ndani yake mlikuwa na kila kitu, unaiunganisha na televisheni ya sebuleni na kuiwasha. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 64, kiasi kidogo kuliko picha moja inayopigwa kwa simu ya leo. Lakini ilipowashwa tu ilitoa skrini ya buluu, ikatangaza kwamba iko tayari, na kielekezi kikawa kinapepesa kikisubiri amri. Lugha ya BASIC ilikuwa imo ndani tangu kiwandani. Mtoto wa miaka kumi aliandika mistari miwili na mashine ikamtii, na akikosea ilimwambia amekosea mstari upi. Waliouziwa mashine hizo walikuwa mamilioni; makadirio yaliyozoeleka ni kati ya milioni 12 na 17. Wengi wao, tukiri, waliitaka kwa ajili ya gemu. Hata hivyo magazeti ya tarakilishi ya enzi hizo yalichapisha programu nzima, kurasa kwa kurasa, na watoto wakazinakili herufi baada ya herufi ili wapate gemu bila kununua. Aliyekosea nukta moja alilazimika kuisaka hadi aipate. Ndivyo walivyojifunza, na hakuna aliyewaambia kwamba wako darasani.

Mwaka 1990 Commodore ilichukua mashine hiyo, ikaing'oa kibodi. Ubongo wa ndani ulibaki uleule; kisanduku kikabadilishwa, kikaitwa C64 Games System, na kikauzwa Uingereza kwa pauni 99.99. Tundu la kaseti likaondolewa, la diski likaondolewa. Kilichobaki ni nafasi ya kuchomeka katriji na matundu mawili ya joistiki. Ukikiwasha bila katriji hakikusema kiko tayari. Kilikuonyesha mchoro wa kukuelekeza ukizime, uchomeke katriji, ndipo ukiwashe tena. Kituko kinachosimuliwa zaidi na wapenzi wa mashine hizi ni cha katriji ya Terminator 2: ilitengenezwa ili ichezwe humo, lakini gemu yenyewe ilimtaka mchezaji abonyeze kitufe fulani cha kibodi ndipo ianze. Kibodi haikuwapo. Mtu alikuwa amelipia mashine na amelipia katriji, na akabaki anatazama skrini.

Commodore haikuwa peke yake. Mwaka huohuo kampuni ya Amstrad ya Uingereza ilifanya vivyo hivyo kwa tarakilishi zake za CPC, ikatoa GX4000, ambayo nayo haikudumu. Kwangu mimi, inayofundisha zaidi ni ya Atari. Mwaka 1987 ilitoa XEGS, mashine ya gemu iliyojengwa juu ya tarakilishi zake za nyumbani, ila wahandisi wake waliifanya kibodi kuwa kitu cha kuchomeka na kuchomoa. Ukiiwasha bila kibodi, inafungua gemu ya Missile Command. Ukichomeka kibodi kisha ukaiwasha, inafungua BASIC na kukungoja uandike. Chuma ni kilekile, umeme ni uleule. Kibodi ndiyo iliyokuwa ikiamua kama aliyekaa mbele yake ni mchezaji au mwandishi wa mchezo.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Atasema Games System haikufa kwa kukosa kibodi. Iliuawa na soko. Na ni kweli kwa sehemu kubwa. Kufikia 1990 Sega na Nintendo walikuwa wameingia na mashine kali zaidi, huku teknolojia ya Commodore ikiwa ya miaka minane nyuma. Zaidi ya hayo, gemu zilezile zilipatikana kwenye kaseti kwa bei ya chini sana kuliko katriji, na kaseti hizo zilichezwa kwenye Commodore 64 ya kawaida, ambayo ilikuwa ingali dukani. Lakini hebu tuitazame sababu hiyo vizuri. Mzazi wa Ulaya aliziona mashine mbili zikiwa rafu moja, akalinganisha, akagundua kwamba akiongeza fedha kidogo anapata yenye kibodi, inayocheza gemu zote za mwenzake na kufanya mengine mengi juu yake. Akachagua. Soko lilimlinda kwa sababu alikuwa na uwezo wa kuchagua na vitu vya kulinganisha. Mwanafunzi wa Garsen hana rafu hiyo. Mashine inayomfikia imechaguliwa na kamati ya zabuni Nairobi, au na mfadhili aliye ng'ambo, na anayechagua si yeye atakayeitumia. Kosa ambalo wanunuzi wa Ulaya walilikataa kwa kutofungua pochi, hapa hupokewa kwa makofi na ngoma siku ya kukabidhiwa.

Na tayari tumewahi kulipokea. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliingia madarakani ukiwa na ahadi ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilizua mgogoro, ikafutwa. Mradi ulipofufuka na vifaa kuanza kusambazwa mwaka 2016, kipakatalishi cha mtoto kilikuwa kimegeuka kishikwambi. Viliunganishwa na vyuo vikuu vya Moi na Jomo Kenyatta kwa ubia na kampuni za kigeni, na zaidi ya vifaa milioni moja vikafika katika shule za msingi za umma zaidi ya 21,000. Kila shule ilipata vishikwambi vya wanafunzi, projekta, kifaa cha kuhifadhi masomo, na vipakatalishi vya walimu. Mgawanyo huo nauona kuwa na maana kubwa kuliko watu walivyoupa: aliyepewa kibodi ni mwalimu, na mtoto akapewa kioo cha kugusa. Masomo yalikuwa yamepakiwa humo tayari, yenye picha, sauti na maswali ya kuchagua jibu. Mtoto aligusa, kifaa kikamwambia "vizuri sana", akaendelea.

Waliotetea uamuzi huo walikuwa na hoja, na si ya kupuuzwa. Mtoto wa miaka sita hajui kuandika kwa kibodi. Vidole vyake havijakomaa, na herufi zenyewe ndiyo kwanza anazitambua. Kishikwambi hakina sehemu nyingi za kuvunjika, hula umeme kidogo, na vumbi haliingii katikati ya vitufe. Kampuni ya BRCK ya Nairobi ilionyesha mwaka 2015 jinsi wazo hilo linavyoweza kutekelezwa kwa ustadi: Kio Kit yake ilikuwa sanduku gumu lenye vishikwambi 40 vinavyochajiwa humohumo, lililotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na umeme wala intaneti ya uhakika. Nani angeweza kusema hicho si kitu kizuri kwa shule ya kando ya Mto Tana? Tatizo ni kwamba mtoto hukua. Aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 2016 leo ni barubaru, na katika miaka yote ya msingi kifaa cha serikali kilichokuwa mkononi mwake hakikumruhusu kuvuka hatua ya kuguswa. Hatukuwa na mpango wa kumpa kibodi alipofika darasa la nne wala la saba. Na si siri kwamba vishikwambi vingi vilimalizia maisha yake vikiwa vimefungiwa makabatini, betri zimekufa.

Uingereza, iliyotupatia mfano wa kuondoa kibodi, imetupatia pia taarifa ya madhara yake. Katikati ya miaka ya 2000, Eben Upton, aliyekuwa akisimamia masomo ya sayansi ya tarakilishi katika Chuo cha St John's, Cambridge, aliona kwamba wanaoomba nafasi walikuwa wakipungua, na waliokuja walikuja wakijua kidogo. Wale wa miaka ya 1990 walikuwa wameanza kuandika programu utotoni, wakifika chuoni wamekwishatengeneza na kuharibu mengi. Maelezo ya Upton na wenzake yalikuwa kwamba tarakilishi za nyumbani za miaka ya 1980 zilitoweka, nafasi yake ikachukuliwa na mashine za gemu zisizoandikika na tarakilishi ya familia ambayo mtoto alikatazwa kuichezea asije akaiharibu. Suluhisho lao lilikuwa Raspberry Pi, ubao wa dola 35 uliotoka Februari 2012. Mwaka 2020 wakatoa Raspberry Pi 400 kwa dola 70, na ukiitazama ni kibodi ambayo ndani yake mna kila kitu, unaiunganisha na televisheni na kuiwasha. Miaka 30 baada ya kibodi kung'olewa, wamerudi palepale.

Sidai kwamba mashine za gemu ndizo zilizoangusha idadi ile peke yake. Kuanguka kwa kampuni za intaneti mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuliwatisha vijana wengi wasisomee fani hiyo. Tena shule za Uingereza zenyewe zilikuwa zimegeuza somo la tarakilishi kuwa la kupiga chapa barua na kutengeneza slaidi, kiasi kwamba England ilifuta mtaala huo na kuanzisha mwingine wa kuandika programu mwezi wa Septemba 2014. Hilo la mwisho nalitilia mkazo kwa sababu linakata upande wangu pia: kibodi bila mtaala ni plastiki tu. Darasa linaweza kujaa kibodi na mtoto asijifunze chochote zaidi ya kunakili barua ya kuomba kazi. Lakini mtaala bila kibodi nao ni maneno matupu, na Kenya kwa sasa iko karibu zaidi na hali hii ya pili. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha mwaka 2022 mafunzo ya kuandika programu ya Kodris Africa kwa shule za msingi na sekondari, na tukajisifu kuwa wa kwanza Afrika kufanya hivyo. Mtaala wa CBC umeutaja ujuzi wa kidijitali kuwa mmoja wa umilisi saba wa msingi. Katika Sekondari Msingi, masuala ya tarakilishi yameingizwa ndani ya somo la Pre-Technical. Karatasi ziko sawa. Mwanafunzi wa Gredi ya Nane katika shule ya Kipini anaambiwa ajifunze kuandika programu. Ataiandika juu ya nini?

Sasa tuje Tana River kwenyewe, kwa maana hoja hii huko ina uzito kuliko ilivyo Nairobi au Mombasa. Mtoto wa Nairobi aliyepewa kishikwambi shuleni ana nafasi ya kukutana na kibodi kwingineko: kwa mjomba, ofisini kwa mama, katika kituo cha saiba mtaani. Katika kaunti yenye watu 315,943 kwa sensa ya 2019, waliotawanyika katika eneo kubwa kupita la kaunti nyingine yoyote ya Pwani, kifaa cha shule huwa ndicho cha kwanza na mara nyingi ndicho cha pekee. Wengine ni wana wa Waorma na Wawardei wanaohama na mifugo. Wengine ni wana wa Wapokomo ambao mashamba yao yako ukingoni mwa mto na husombwa mto unapofura. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yalikata barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu eneo la Gamba, na mwaka 2024 maji yakarudi tena na kuwaondoa watu majumbani. Mahali pa namna hiyo huwezi kutegemea kwamba kosa la zabuni litarekebishwa na kitu kingine. Kikija kifaa kisichoandikika, hicho ndicho watakachokuwa nacho kwa miaka kumi.

Hapo ndipo linapoibuka pingamizi zito kuliko yote, na ni la watu wenye haki ya kulisema. Shule zinafurika maji, walimu hawatoshi, vyoo vinatitia, watoto wanakosa chakula wakati wa kiangazi. Nani ana muda wa kujadili vitufe? Jibu langu ni kwamba sijaomba shilingi ya ziada. Sisemi kibodi zitangulie chakula wala daraja. Nasema fedha ambazo tayari zimeahidiwa kwa vituo vya kidijitali na vifaa vya shule zinunue kitu kilicho na faida badala ya kitu kilicho na mng'aro. Kifaa kama Raspberry Pi 400, kikiunganishwa na skrini ya kawaida, hakipiti bei ya kishikwambi kizuri kwa umbali wa kutisha, na kikiharibika kibodi yake hakuna haja ya kukitupa, kwani unaweza kuchomeka kibodi nyingine ya dukani. Tarakilishi kuukuu za mezani zilizotolewa maofisini zinaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa bei ya chini zaidi, mradi umeme upo.

Umeme, ndiyo. Kuna kinaya hapa ambacho watu wa delta ya Tana hawahitaji kuelezwa. Mabwawa matano ya mfululizo wa Seven Forks, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yanazalisha umeme kwa maji ya Mto Tana, na laini kubwa ya kilovolti 220 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen inakwenda Lamu. Bado kaunti ambamo mto huo unamalizia safari yake imo katika orodha ya kaunti 14 za mradi wa KOSAP, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia ili kupeleka umeme wa jua mahali ambapo gridi haijafika. Lakini hoja ya umeme inazikabili mashine zote, si zenye kibodi peke yake. Paneli inayochaji vishikwambi 40 inaweza kuendesha tarakilishi kadhaa ndogo za aina niliyoitaja, ambazo hula wati chache tu. Mzigo halisi ni skrini. Ni hesabu ya fundi, na ina jibu. Intaneti nayo si sharti. BASIC ya mwaka 1982 haikuhitaji mtandao wowote, na leo lugha za programu kama Python na Scratch hufanya kazi bila kuunganishwa popote, huku maktaba za masomo kama Kolibri zikiwa zimeundwa makusudi kwa maeneo yasiyo na mtandao na zimetumika hata katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

Kwamba mtoto ataandika nini, delta yenyewe inajibu. Kina cha Mto Tana hupimwa Garissa na hupimwa Garsen. Wimbi la maji linalopita Garissa huchukua siku kadhaa kufika chini, likizungukazunguka kwenye mikondo ya mto na kutawanyika mabondeni. Darasa likiwa na vipimo vya misimu michache, mwanafunzi wa Sekondari Msingi anaweza kuandika programu ya mistari 30 itakayokadiria ni lini maji yaliyopita daraja la Garissa leo yatakapofika kwao. Programu hiyo haitachukua nafasi ya idara ya hali ya hewa. Itamfundisha hesabu, jiografia na kuandika programu kwa mkupuo mmoja, na juu ya jambo analolijua kwa miguu yake. Au aandike gemu, kwa nini asiandike? Gemu ya kuvusha mtumbwi bila kugonga kiboko, maelekezo yakiwa kwa Kipokomo au Kiorma, lugha ambazo hakuna kampuni ya Tokyo wala California itakayozitengenezea gemu yoyote. Hakuna somo lililopakiwa Nairobi linaloweza kufanya hivi kwa niaba yake. Mlango ni wa kuingilia tu, au ni wa kuingilia na kutokea. Tofauti ni hiyo.

Wapo watakaosema simu imekwisha kumaliza mjadala: kila kijana anayo, na ina nguvu mara elfu kuliko Commodore. Ina nguvu, sikatai. Lakini jaribu kuandika ukurasa mmoja wa Python kwa kidole gumba, huku kibodi ya kwenye kioo ikiwa imefunika nusu ya ulichoandika. Serikali yenyewe ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 kuwavutia vijana katika kazi za mtandaoni, na nyingi ya kazi hizo, za kunukuu sauti, kutafsiri, kupanga takwimu, ni za mtu anayeandika haraka kwa vidole kumi. Kijana aliyelelewa na kioo anaingia kwenye ushindani huo mkono mmoja umefungwa. Wengine watasema akili unde sasa inaandika programu yenyewe, basi kazi hiyo imekwisha. Inaandika, na inakosea, na hukosea kwa kujiamini sana. Asiyejua kusoma kilichoandikwa hawezi kujua kimekosewa wapi. Atakuwa mtumiaji wa mwisho katika mstari mrefu wa watumiaji.

Pingamizi lililo na akili zaidi linatoka kwa walimu: Scratch inaandikwa kwa kuburuta vipande, na kishikwambi kinaweza kuifanya kazi hiyo bila kibodi. Nakubali, na kwa watoto wa gredi za chini ndiyo njia ninayoipendekeza. Kibodi niliyoing'ang'ania tangu mwanzo ni alama ya jambo kubwa kuliko vitufe, yaani uwezo wa kuiamuru mashine. Kishikwambi chenye Scratch iliyofunguliwa, kinachomruhusu mwanafunzi kuhifadhi kazi yake na kumpa mwenzake, kiko upande wa Commodore 64. Kishikwambi kilichofungwa kwa nywila ya mzabuni, chenye masomo ya kutazamwa pekee, ni Games System hata kama kina rangi milioni kumi na sita. Ila kuanzia Gredi ya Sita hivi kuburuta hakutoshi tena. Sentensi lazima ziandikwe.

Inachekesha kidogo kwamba walioelewa jambo hili mapema ni watengenezaji wa bidhaa bandia. Nakala za bei rahisi za mashine ya Nintendo, zile zilizochomekwa kwenye televisheni katika nyumba nyingi za Asia na Afrika miaka ya 1990 na baadaye, zilitengenezwa pia katika umbo la tarakilishi, na kibodi kamili, na katriji yenye BASIC na mazoezi ya kupiga chapa. Viwanda vilijua kwamba mzazi maskini hulegea mkono anapoambiwa kitu ni cha masomo. Ulaghai kiasi, ndiyo. Lakini kibodi ilikuwepo na ilifanya kazi. Ubongo wa mashine hizo ulikuwa wa ukoo wa prosesa ya 6502, ukoo uleule wa Commodore 64 na wa Atari. Mwaka 2008 kikundi cha Playpower kilizikuta zikiuzwa India kwa takriban dola kumi, kikaanza kuziandikia gemu za kufundishia. Sony nayo ilipoleta PlayStation 2 Ulaya ilitia humo diski yenye BASIC ndogo iitwayo Yabasic, na inaaminika sana kwamba lengo lilikuwa kuwashawishi maafisa wa ushuru waihesabu mashine hiyo kuwa tarakilishi. Kampuni iliyouza mamilioni ya mashine za kuchezea ilijua vizuri kabisa kinachoitenganisha tarakilishi na kichezeo, pale tu kodi ilipohusika.

Kwa hiyo wenye kusaini hundi waambiwe mapema. Elimu ya msingi iko mikononi mwa serikali kuu, na kaunti ina shule za chekechea na vyuo vya ufundi. Hazina ya maendeleo ya maeneobunge, NG-CDF, iko kwa mbunge, na vituo vya wadi viko chini ya Wizara ya TEHAMA. Kila mmoja anaweza kumwelekezea mwenzake kidole. Lakini kila mmoja huandika zabuni, na zabuni ya vifaa hivi inahitaji kuongezewa masharti manne: kila mashine iwe na kibodi au tundu la kuichomekea, iwe na nyenzo za kuandika programu zinazofanya kazi bila intaneti, isifungwe kwa nywila ambayo mwalimu hana, na fundi wa Garsen, Hola au Malindi aweze kuifungua na kuitengeneza. Chekechea wapewe vishikwambi vyao, hakuna ugomvi. Vyuo vya ufundi vya kaunti, ambavyo tayari vinafundisha umeme na useremala, ndivyo vianze, kwa sababu vina vijana walio tayari na haviko mbali na mafundi.

Na wananchi wa wadi zile sita wasingoje siku ya kukata utepe. Katiba inataka umma ushirikishwe katika bajeti, na mikutano hiyo hufanyika kila mwaka, mara nyingi ukumbi ukiwa nusu mtupu. Mzazi atakayehudhuria aulize maswali mawili, na asiketi hadi yaingizwe katika kumbukumbu za kikao: mwanangu ataandika kwa kitu gani, na nani ana ufunguo wa mashine hiyo? Akijibiwa kwamba masomo yote yamepakiwa humo tayari na mtoto atagusa tu, aikatae zabuni hiyo hapohapo.